Maji Yasiyoijua Bahari

Kazi ya kwanza hufanywa na jogoo wa Singida. Manyoya ya shingo yake, yale marefu membamba yanayong'aa kama asali jua likiyapiga, ndiyo ninayoyazungusha kwenye ndoano isiyozidi punje ya mpunga, kisha nayafunga kwa uzi mwembamba hadi yasimame pande zote mithili ya miguu ya mdudu. Kidude hicho hakizami. Kikitua juu ya maji kinaelea, na samaki aliye chini akiinua macho anaona nzi aliyechoka kuruka.

Ufundi huu niliupata Nyeri, nchini Kenya, nilikokaa miaka mitatu kikazi. Mwalimu wangu alikuwa mzee mstaafu aliyezaliwa kando ya Mto Sagana, na kwa miezi miwili ya mwanzo hakuniruhusu kufunga ndoano kwenye mshipi. Tulisimama uwanjani nikirusha kamba tupu. Alitaka mkono uelewe kwanza jambo ambalo kichwa hukubali haraka na mwili hukataa: katika uvuvi tuliouzoea, risasi iliyofungwa mwishoni ndiyo inayoubeba mshipi, lakini hapa chambo hakina uzito wowote. Uzito umo kwenye mshipi wenyewe. Unaurudisha nyuma, unausubiri unyooke hewani, ndipo unausukuma mbele. Ukiwa na pupa unapasuka kama kiboko cha mchunga ng'ombe. Ukichelewa unaangukia mgongoni mwako.

Samaki tuliyemfuata huko alikuwa trauti, na trauti si wa kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyekuwa amepata sifa kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti yakapandwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Miaka michache baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua kupitia Afrika Kusini, ingawa asili yake ni mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuzalisha vifaranga pale Kiganjo, chini ya Mlima Kenya. Sisi Tanganyika nasi tulipandiwa, katika vijito vya Kilimanjaro na vya nyanda za juu kusini. Palipokuwa na maji ya baridi, mawe na mlowezi anayekumbuka kwao, palitafutwa namna ya kumweka trauti.

Nilikulia Singida, na asubuhi za kiangazi, vumbi likiwa bado limelala, tulikuwa tunauona Mlima Hanang ukingo wa mashariki, peke yake, kama mtu aliyesimama uwandani akisubiri gari. Mita 3,420 hivi, wa nne kwa urefu Tanzania. Nilipojifunza uvuvi wa nzi, swali likaanza kunisumbua: mlima ule una vijito vya namna gani? Na nyanda za Mbulu zilizo kaskazini yake, zenye misitu na baridi, maji yake yanafanana na ya Sagana? Juni mwaka 2025 nilichukua likizo, nikaufunga ufito wangu wa vipande vinne ndani ya bomba la plastiki, nikaenda kuangalia.

Nilitokea Arusha. Pale Mbuyu wa Mjerumani, kwenye barabara ya Babati, unaiacha lami na kuelekea magharibi, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa umekukabili na Ziwa Manyara likiwa kulia kwako. Mlima Magara zamani ulikuwa habari nyingine, mvua ikinyesha watu walilala njiani. Siku hizi miteremko mikali imetiwa zege, na Mto Magara una daraja la maana. Niliomba dereva asimame darajani. Abiria wenzangu walishuka kununua ndizi, mimi nikainama kwenye ukingo kuyatazama maji.

Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha wiki kadhaa kabla, na mto unaotoka msituni wiki hizo hupaswa kuwa umetulia na kuonyesha mawe yake. Huu ulikuwa bado umebeba udongo wa mtu. Niliandika hilo kwenye daftari langu na tukaanza kupanda.

Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake ya Juni inakutaka koti. Baada ya kupata vibali vyangu nilimchukua kijana wa bodaboda, mwenyeji wa Kainam, akanipeleka upande wa msitu wa Nou. Njia inapita katikati ya ardhi ambayo kila mpenda kilimo angestahili kuiona mara moja maishani. Huku ndiko kiini cha nchi ya Wairaqw, eneo ambalo vitabu vingi huliita Mama Issara. Vilima vimesongamana, kila mteremko umelimwa kwa matuta, samadi hubebwa kutoka zizini hadi shambani mwaka baada ya mwaka, na bondeni pameachwa majani ya mifugo. Watu wamekaa hapa kwa wingi kwa vizazi na udongo bado unatoa mahindi na maharage. Kijana wangu alikuwa anaendesha polepole bila kuombwa, akinionyesha: pale chemchemi, pale chemchemi nyingine, pale ilikuwapo ikakauka baada ya kupandwa mikaratusi.

Kijito tulichokifuata kinatoka msituni kikiwa na upana wa hatua tatu. Nilipiga magoti nikatia kipimajoto: nyuzi 14. Trauti wa upinde wa mvua huhitaji maji yasiyozidi nyuzi ishirini hivi, yenye hewa ya kutosha, na changarawe safi ya kutagia. Vyote vilikuwapo. Maji yalikuwa yanashuka kwenye ngazi za mawe, yanapumzika kwenye dimbwi la kina cha kiuno, yanashuka tena. Kila dimbwi lilikuwa na mahali ambapo mwalimu wangu wa Nyeri angenyoosha kidole bila kusema neno: pale nyuma ya jiwe, ambapo maji ya kasi na maji ya pole yanapishana na povu linachora mstari. Samaki hukaa kwenye maji ya pole na kula kinachopita kwenye maji ya kasi. Ukishaujua mstari huo, hutatazama tena mto wowote kwa macho ya zamani.

Lakini sikufungua ufito. Mzee yule alinizoesha kuanza na mawe. Unachagua jiwe la ukubwa wa sahani, lililo kwenye maji yanayokimbia, unaligeuza taratibu na kulitazama tumboni. Jiwe la kwanza lilikuwa limejaa. Walikuwapo watoto wa wadudu wale wembamba wenye mikia mitatu, bapa kama waliokanyagwa, wakikimbilia kivuli. Pembeni yao kulikuwa na vijumba vya mchanga, kila kimoja kidogo kama kipande cha njiti ya kiberiti, punje kwa punje zimegundishwa kwa utando na lava anayeishi ndani. Nilimwonyesha kijana namna kichwa kinavyochungulia mlangoni. Akashangaa kwamba mchanga ule umejengwa. Jiwe la tatu lilikuwa na kaa wa mtoni, wa rangi nyekundu iliyofifia, akanyanyua gando moja na kurudi kinyumenyume.

Wadudu hawa wa mikia mitatu hawavumilii uchafu. Tope likizidi, matamvua yao ya kupumulia yanaziba. Hewa ikipungua majini wanakufa kwanza wao. Kwa hiyo jiwe moja lililogeuzwa linakupa habari za mto wa wiki na miezi iliyopita, na wala huhitaji maabara. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza vizuri zaidi ya kusema kwamba kila kitu kilikuwa mahali pake.

Ndipo nikaunganisha ufito. Msitu ulikuwa umefunika kijito kama dari, hapakuwa na nafasi ya kurusha mshipi nyuma, kwa hiyo nilishika ndoano kwa vidole viwili, nikaukunja ufito kama upinde na kuiachia iende kama mshale. Nzi wa jogoo wa Singida akatua juu ya dimbwi, akazunguka na povu mara moja, akatoweka. Sikusikia hata mlio. Nilichokiinua majini kilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati: samaki wa rangi ya fedha, jamii moja na kuyu, mwenye doa jeusi karibu na mkia na midomo laini yenye visharubu viwili. Nililowesha kiganja kwanza, kwani mkono mkavu humtoa samaki utelezi unaomkinga na maradhi. Alipumua mara tano sita kiganjani. Nikamrudisha, akasimama kidogo kwenye kivuli cha kiatu changu kabla ya kwenda zake.

Nilipata wengine sita, wote wadogo. Trauti sikuona hata mmoja.

Tulipokuwa tunatoka tulimkuta bibi mmoja kwenye chemchemi, anajaza dumu kwa kikombe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akautazama ufito.

"Unatafuta nini humo majini, mwanangu?"

"Samaki, bibi. Lakini nawarudisha."

"Kama unawarudisha unawasumbua kwa nini?"

Nilimweleza nilivyoweza: kwamba samaki ananiambia hali ya maji. Alifikiri. Akasema wazee wake hawakula samaki kabisa, yeye mwenyewe amemwonja uzeeni kwa mjukuu anayefanya kazi Babati, na hakumpenda. "Na maji haya yana mwenyewe," akasema, akafunga dumu. Kijana akanieleza njiani kile ambacho nilikuwa nimekisoma kidogo. Katika imani ya asili ya Wairaqw, Looa, aliye juu pamoja na jua, ndiye mwema na mlezi; lakini kwenye chemchemi na mito hukaa neetlangw, roho ambaye hupaswi kumchokoza. Hukati mti wa chemchemi yake ovyo. Huendi pale kwa kelele. Wengi sasa ni Wakristo, kijana naye ni Mlutheri wa kwaya, lakini nilimwona alivyopita pembeni ya maji yale, bila kukanyaga ukingo.

Usiku ule, gesti, nililala na wazo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Nyeri bila kulisema hata kwa mke wangu. Nilikuwa nimekuja nikitumaini kumkuta trauti, na kama hayupo, kuona kama angeweza kuwekwa. Wageni wangekuja kuvua, vijana wangekuwa waongozaji, kijiji kingepata ada. Nilikuwa tayari na hesabu zake.

Sasa niliiona ile midomo laini yenye visharubu. Trauti anakula samaki wa ukubwa ule kama karanga. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua, wote wawili, katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuambiwa na orodha. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa rangi za kila namna waliokuwa wa ziwa lile peke yake, walikuwa wametoweka kwa mamia ya aina. Viwanda vilipata minofu, ni kweli. Furu wengi hawakurudi.

Tena maji ya Mbulu na Hanang hayaijui bahari. Haya yanayoshuka Magara yanaishia Ziwa Manyara, mengine yanakwenda Eyasi, mengine Balangida chini ya Hanang, na kutoka huko hayaendi popote ila angani. Ni bonde lililofungwa, lenye viumbe vyake. Manyara na Eyasi wana perege wao wanaostahimili magadi, aina isiyopatikana nje ya Tanzania. Katika mto unaokwenda baharini, kosa linaweza kusombwa. Hapa linakaa. Asubuhi nilichana ile karatasi ya hesabu.

Kutoka Mbulu niliteremka Dongobesh hadi Haydom, mji unaojulikana kwa hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Njia hiyo sina mengi ya kuisimulia, nililala sana. Nilipoamka tulikuwa Hanang, katika ngano.

Uwanda wa Basotu ulikuwa malisho ya Wabarbaig, Wadatoga wa Hanang, hadi yalipofunguliwa mashamba makubwa ya serikali kwa msaada wa Canada kuanzia miaka ya 1970. Wafugaji walipoteza ardhi yao bora, kesi zikaenda mahakamani, na jeraha hilo bado linazungumzwa. Ziwa Basotu liko katikati ya nchi hiyo, maji baridi ndani ya bakuli la volkano ya kale, viboko wakikoroma kwenye matete. Hapa samaki wanaliwa na kuuzwa. Nilikaa jioni mbili na wavuvi wa mitumbwi, wavua perege na kambale kwa nyavu, na mmoja wao, baba wa makamo, alinipisha kwenye jiwe lake na kukaa kando yangu. Perege ni mla mwani zaidi kuliko mdudu, lakini jua linapozama hupanda kunyonya vijidudu juu ya maji. Mmoja alimnyonya nzi wangu kwa upole kiasi kwamba nilimwona mvuvi akiinua nyusi kabla mimi sijahisi kitu.

Alimpima kwa kiganja. "Huyu mdogo, mrudishe," akasema, na mimi nilikuwa tayari nimeshainama. Tukacheka. Akaniambia wanaopaswa kusikia neno hilo ni wenye nyavu za matundu madogo, na kwamba tope linaloingia ziwani kila mvua, kutoka kwenye mashamba, analiona kwenye kasia lake: mahali alipokuwa haoni mwisho wa kasia sasa anagusa chini. Aliniomba nzi mmoja, nikampa watatu.

Katesh nilifika siku ya sita. Hanang kwa karibu si yule mtu aliyesimama peke yake. Ni ukuta. Na ubavuni mwake, upande wa mji, bado kuna kovu. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa ilimeguka, ikashuka kwa kufuata makorongo ikiwa tope, magogo na mawe ya ukubwa wa nyumba, ikapita Gendabi na Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa, na maelfu wakaachwa bila makazi. Mwenyeji wangu wa Katesh alinionyesha alama ya tope kwenye ukuta wa duka, juu ya kichwa changu. Hakuifuta alipopaka rangi upya. Aliizungukia.

Swali langu la utotoni lilipata jibu haraka. Mlima wa volkano kama huu hunywa maji yake, mvua inazama kwenye miamba yenye matundu na kutokeza chini, kwenye visima na chemchemi, au kuishia kwenye magadi ya Balangida. Makorongo mengi huwa na mto siku ya mvua tu. Trauti asingemaliza hata mwaka.

Nilipanda hata hivyo, na mwongozaji, kando ya korongo lililopitiwa na tope lile. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Mawe meupe yaliyochubuka, mizizi iliyoning'inia hewani, miti ya ukingoni ikiwa imekatwa magome kwa urefu uleule kama iliyopigwa msasa. Hatukuzungumza. Yeye alipoteza shangazi siku ile, aliniambia tukiwa tumesimama kunywa maji, kisha akaendelea kupanda.

Juu zaidi, ndani ya msitu, tulisikia maji. Yalikuwa membamba kama mkono wa mtoto, yanapita katikati ya mawe mapya ambayo bado hayajaota ukungu wa kijani. Nilitia kipimajoto kwa mazoea, nyuzi 12. Nikapiga magoti nikaanza kugeuza mawe. La kwanza tupu, la pili tupu. Mwongozaji aliuliza natafuta nini, nikamwambia, akapiga magoti naye akaanza upande wake. Tulifika kumi na zaidi, tumbo la kila jiwe likiwa safi kama lililooshwa kwa sabuni.

"Kaka," akasema. "Mikia mitatu?"

Alikuwa amelishika jiwe kwa mikono miwili, usawa wa macho. Alikuwa mmoja, mdogo kuliko kucha ya kidole changu cha mwisho, bapa, anakimbilia kivuli cha kidole gumba chake. Tulimtazama mpaka jiwe likaanza kukauka, ndipo akalirudisha majini, polepole, upande uleule lilivyokuwa limelala.